Kilicho Mbali na Mkono

Niliwahi kumfuta kazi mtu kwa sababu ya vumbi.

Vumbi lenyewe nilionyeshwa na fundi. Alikuwa ameifungua injini ya pikapu yangu, akaingiza kidole kwenye paipu inayopeleka hewa ndani, kisha akakiinua mbele ya uso wangu. Kilikuwa chekundu kama cha mtu aliyetoka kukandika nyumba. "Mwalimu," akaniambia, "hii injini imekuwa ikikula barabara." Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha, kuta za silinda zimekwaruzwa, na ule moshi wa buluu tuliokuwa tukiuona kila asubuhi sasa ulikuwa umepata maelezo. Gharama ya kuifufua ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Nikamwita dereva, nikamwuliza swali moja tu mbele ya watu wa gereji: "Filta ya hewa uliisafisha lini mara ya mwisho?" Akaangalia chini, akanyamaza. Niliuchukua ukimya wake kuwa ungamo. Nikakata shilingi 9,000 kwenye malipo yake ya mwisho, nikamwambia atafute kazi kwingine.

Nimeishi na hesabu hiyo kwa muda sasa, na kila ninapoipiga upya haitoki tena vile ilivyotoka siku ile. Mtu akishindwa kutimiza wajibu uliowekwa mahali ambapo mkono wake haufiki vizuri, lawama ni ya nani? Ni ya mwenye mkono, au ya aliyeuweka wajibu huko?

Nianze na pikapu. Ni ya dizeli, ya zamani, ya zile ambazo dereva hukalia injini. Mimi nafundisha shule ya sekondari hapa Busia, upande wa Kenya, na pikapu ndiyo iliyokuwa inanisaidia kufika mwisho wa mwezi. Ilibeba omena kutoka Port Victoria, vitunguu na ndizi kutoka sokoni mpakani, saruji na mabati kwenda Amukura na Chakol, na siku nzuri ilifika Malaba na kurudi na mzigo. Lami ipo, lakini mteja hakai kwenye lami. Mteja anakaa kilomita sita ndani, kwenye barabara ya udongo mwekundu, na mbele yako kuna lori, na nyuma ya lori huoni kitu.

Injini hupumua kuliko tunavyodhani. Kuchoma lita moja tu ya petroli kunahitaji karibu lita 9,000 za hewa, na injini ya dizeli huvuta hewa zaidi ya hapo. Hewa yote hiyo hupita kwenye karatasi iliyokunjwakunjwa kama marinda ya sketi ya shule. Karatasi hiyo ndiyo filta. Ikiziba, injini inakosa pumzi, inatoa moshi mweusi na kunywa mafuta bure. Ikitoboka, au kifuniko chake kikikaa upande, vumbi linaingia moja kwa moja, na ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Injini haifi siku hiyo. Inasagwa polepole, kama jino.

Baada ya kumfuta dereva, nikaanza kuendesha mwenyewe wakati wa likizo ya Desemba. Jua lilikuwa kali na fundi alikuwa ameniagiza: filta itazamwe kila wiki. Jumamosi ya kwanza nikavaa ovaroli, nikajiambia nitamaliza kabla ya chai.

Kwanza unatoa kiti. Kiti kina bolti nne, na moja ilikuwa imelika kichwa. Halafu unainua kifuniko cha injini, unalegeza hosi, unasogeza mabano ya betri. Kikopo cha filta kimebanwa kwenye kona, na kifuniko chake kinashikwa na klipu nne. Tatu unaziona. Ya nne iko nyuma, huioni, unaipapasa kwa vidole viwili kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati. Nilianza saa tatu. Saa sita na nusu nilikuwa bado nimeinama pale, ngozi ya vidole imechubuka, na kile kifuniko kinakataa kurudi. Hapo ndipo sauti yake iliponijia.

Alikuwa ameniambia. Mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa tunapakia saruji: "Mwalimu, ile filta si ya kufungua hapa na mzigo inangoja. Inataka gari ilale gereji siku moja." Nikamjibu kwamba tutaangalia mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, nikalipa karo. Mara ya pili alinipigia simu akiwa Amagoro, akasema gari inakuwa nzito. Nikamwambia apunguze mwendo kwenye vumbi.

Tena nilikuwa namlipa kwa tripu. Siku ambayo pikapu ingelala gereji, mimi ningepoteza faida, naye angepoteza chakula. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wajibu nilioutaja kwa sentensi moja mbele ya watu, swali la sekunde tatu, ulikuwa na uzito wa nusu siku, bolti nne, klipu moja isiyoonekana, na chakula cha jioni cha watoto wa mtu.

Tuna methali tunayopenda kuwatupia watu wa namna hii: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeifundisha miaka mingi, na wanafunzi huandika insha juu yake bila shida: fulani alipuuza, fulani akapata hasara, funzo ni hili. Sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuniuliza ufa ulikuwa upande gani wa ukuta. Ulikuwa sebuleni, mbele ya macho, au nyuma ya kabati la mahindi ambalo halisogezwi mpaka mwenye nyumba atoe ruhusa? Methali inamjua aliyeacha kuziba. Aliyesimamisha kabati pale haimtaji.

Wanafalsafa wana kanuni inayohusishwa na Immanuel Kant, kwamba huwezi kumdai mtu jambo asiloweza kulifanya. Nilipoikumbuka kanuni hiyo nilidhani imenipa jibu, lakini haikunipa. Kusafisha ile filta kuliwezekana. Nilifanya mwenyewe, Jumamosi ile, nikamaliza saa saba na robo. Siwezi kusema dereva alidaiwa muujiza. Kati ya linalowezekana na lisilowezekana kuna nchi kubwa katikati, nchi ya "inawezekana, lakini", na naona wajibu mwingi wa watu wa kawaida unakaa humo. Kumpeleka mtoto kliniki kunawezekana, lakini kliniki iko mbali. Kupata stakabadhi kunawezekana, lakini ofisi hufunguliwa saa ambayo wewe uko shambani. Lakini hiyo ina bei, na mara nyingi anayeilipa si yule aliyeiweka.

Kwa hiyo nani aliiweka? Nilimshtaki kwanza mtengenezaji, kwa sababu yuko mbali na hawezi kujibu. Fundi ndiye aliyemtetea. Alinieleza kwamba kikopo hakikuwekwa kwenye ile kona kwa uchokozi. Pale hewa ni baridi kidogo, iko mbali na joto la ekzosi, na maji ya barabarani hayafiki. Kikopo kile pia hupunguza mvumo wa injini inapovuta hewa, maana dereva ameikalia. "Huyo Mjapani hakukosea," akasema. "Yeye alijua hii gari itaingia gereji yenye lifti, kwa lami, kila baada ya miezi fulani." Ni kweli. Hata vitabu vya magari huwa na onyo dogo kwamba kwenye vumbi filta itazamwe mapema zaidi. Lakini magari yetu mengi huja yakiwa na maisha ya kwanza mgongoni. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8. Uganda, hapo ng'ambo ya geti, tangu mwaka 2018 hairuhusu lililozidi miaka 15. Mtengenezaji alikifikiria kile kiti akiwa na mtu mwingine akilini. Sisi ni warithi wa vitu vilivyopangwa kwa ajili ya mikono ya wengine. Hilo si kosa lake, lakini kuanzia siku tunapovirithi na kuona havitufai, kukaa kimya kunakuwa kosa letu.

Na siku hiyo ya kumtetea Mjapani, fundi akaongeza jambo lililoniondoa usingizi. "Lakini Mwalimu, ile siku tulifungua injini, filta yenyewe haikuwa chafu vile. Kifuniko ndio kilikuwa kimekaa upande. Vumbi ilikuwa inapitia kando."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliuliza dereva."

Nikaamua filta ihamishwe.

Nilidhani ni kazi ya kukata paipu na kuchomelea. Mimi nilitaka iwekwe mbele, karibu na taa, niinue kitu kimoja tu niione. Fundi akakataa. Mbele ni chini, na pikapu hii huenda Budalangi. Mto Nzoia ukifurika, barabara za kule zinageuka mifereji. Injini ikimeza maji badala ya hewa, pistoni inapanda kuyakandamiza na maji hayakandamiziki. Kinachojipinda ni vyuma vinavyoishika pistoni. Kuwa karibu na mkono hakutoshi. Lazima pia pawe mahali ambapo hewa ni safi na maji hayafiki. Akanipeleka barabarani akanionyesha malori yanayosubiri kuvuka. "Angalia hizo. Inavutia hewa wapi?" Nyuma ya kabini, juu. Hata Toyota Celica za Safari Rally za miaka ya 1990 zilikuwa na mkonga uliopanda kando ya kioo cha mbele, kwa sababu njia ya Safari ilikuwa na vumbi na mito siku moja.

Basi ikakaa nyuma ya kabini, juu ya ukingo wa kichanja cha mizigo, ndani ya kikopo cha gari jingine lililokufa, na kofia ya bati juu yake. Fundi alikuwa na masharti. Paipu mpya isiwe nyembamba kuliko ya zamani, la sivyo tumeinyonga injini kwa mkono wetu wenyewe. Isipite karibu na ekzosi. Kona ziwe chache. Kila kiungio kikazwe kwa klipu ya chuma, kwa sababu tundu lolote kati ya filta na injini ni mlango usio na askari. Akasema kwamba kwenye magari ya siku hizi kuna sensa inayopima hewa baada ya filta, na ukihamisha ovyo kompyuta inapotea. Yangu, kwa uzee wake, haina. Ilichukua siku moja na nusu, kwa pesa ambazo hazikufika hata robo ya zile za kufufua injini. Sasa unasimama chini, unafyatua klipu tatu, zote unaziona, na filta iko mkononi. Dakika mbili.

Watu wa Busia wanajua jambo hili kwa njia nyingine, hata kama hawajawahi kufungua boneti. Kwa miaka mingi kaunti hii imekuwa uwanja wa watafiti. Mmoja wao, Michael Kremer, alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Mojawapo ya mambo waliyoyachunguza ni dawa ya maji. Klorini ilikuwa inauzwa madukani kwenye chupa ndogo, watu walijua kazi yake, na bado wengi hawakuitumia. Ingekuwa rahisi kusema akina mama hawajali watoto wao. Badala yake dawa ikahamishwa. Kikawekwa kifaa pale pale kisimani au kwenye chemchemi: ukifika na mtungi wa lita 20, unazungusha vali, dawa ya kiasi kinachofaa inaanguka ndani, unateka, na mpaka ufike nyumbani na kutulia imeshafanya kazi. Wanaotumia dawa wakaongezeka sana. Wale akina mama hawakuwa wamepata moyo mpya. Walikuwa na moyo ule ule, dawa ndiyo iliyosogea.

Lakini angalia tena. Kifaa kile hakijijazi. Yupo mtu wa kijiji, aliyechaguliwa na wenzake, ambaye kazi yake ni kukijaza na kuwakumbusha watu. Wajibu haukufa, ulihama kutoka kwa mama mia moja wanaotakiwa kukumbuka kwenda dukani, ukaenda kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye kisima kikikauka dawa watu watamwuliza. Nadhani hilo ndilo jambo zito zaidi katika kuhamisha kitu chochote. Kazi inakuwa rahisi, ndiyo, lakini pia inapata mwenyewe.

Mpaka wenyewe ulihamishwa kwa namna hiyo. Zamani gari lilisimama upande huu, likakaguliwa, likavuka hatua chache, likasimama tena upande wa pili kuanza upya. Sasa Busia na Malaba ni vituo vya pamoja. Kile cha Busia kilizinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi wa Februari 2018. Gari husimama upande wa nchi linakoingia tu, na maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 anaweza kupata cheti rahisi pale pale. Na bado kuna njia za panya. Kabla ya kuhamisha, tulipomwona mama na kikapu cha nyanya akikata kichochoro, mtu mwenye haki alipaswa kujiuliza sheria imewekwa wapi, na mama huyu ana saa ngapi kwa siku. Baada ya kuhamisha, swali hilo linabaki, kwa sababu mwingine hajaambiwa kwamba cheti kipo, na asiyejua kwamba kitu kimesogezwa kwake bado kiko mbali. Lakini kwa yule anayejua, na anayepitisha lori zima la sukari usiku, sina tena la kumtetea. Kisingizio chake kimehamishwa pamoja na kituo.

Hapa nilitaka kumaliza. Ningesema: sogeza vitu karibu na wanaovitunza, kisha ndipo uwahukumu. Lakini miezi minne baada ya kuhamisha, fundi aliniita tena.

Nilikuwa nimeajiri dereva mpya, kijana mwenye bidii. Kwa kuwa filta sasa ilikuwa karibu, kila jioni alipita kwenye kituo cha mafuta, akaitoa, akaipuliza kwa kompresa ya kujazia magurudumu. Nilimsifu mbele ya watu. Fundi akaishika ile karatasi, akaielekeza juani, tukaona vitundu vidogo vya mwanga. "Hii mmeipenda mpaka mmeiua," akasema. Upepo mkali hupasua karatasi. Isitoshe, filta yenye vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi la kwanza linalojishika kwenye karatasi linakuwa ungo wa pili, linazuia chembe ndogo zaidi ambazo karatasi peke yake ingeziachia. Kijana wangu alikuwa anauvunja ungo huo kila jioni.

Kwa hiyo kitu kikiwa mbali kinasahauliwa, na kikiwa karibu kinaguswaguswa. Sikumfuta kijana. Sikumkata hata shilingi. Nilijua safari hii kwamba mimi ndiye niliyekisogeza kitu, na nilipokisogeza nilimwonyesha klipu tu. Ujuzi wake sikumwonyesha. Tukakubaliana: mara moja kwa wiki kuitazama, kuipigapiga kwa mkono, na kuibadilisha ikikomaa. Kompresa marufuku. Kusogeza kitu ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kumfundisha aliyesogezewa.

Nilipokwisha kumsamehe huyu wa pili kwa kosa lililotoboa filta kweli, sikuwa na mahali pa kujificha kuhusu yule wa kwanza.

Nilimpata Malaba, kwenye steji ya bodaboda si mbali na foleni ya malori. Hakuonekana kukasirika wala kufurahi. Nikamsalimia, nikamwuliza watoto, kisha nikatoa bahasha. "Hii ni ile elfu tisa," nikamwambia. "Nilikukosea." Aliihesabu pale pale, bila haraka, kama mtu anayehesabu pesa zake mwenyewe, maana zilikuwa zake mwenyewe. Akazitia mfukoni.

"Mwalimu," akasema, "ile filta niliisafisha."

Sikujibu.

"Nilikuambia mara mbili, ukasema mwisho wa mwezi. Nikaona gari itanifia barabarani. Nikaifungua usiku, kwa tochi ya simu, nikiwa peke yangu. Hiyo klipu ya nyuma sikuiweza. Nikafunga tatu, nikasema nitamaliza kesho. Kesho kukawa na mzigo wa Port Victoria."

"Mbona siku ile ulinyamaza?"

"Ningesema nini? Ningesema niliifungua, ungeniambia ndio nimeharibu. Na ni kweli niliharibu."

Nimeyarudia maneno hayo njiani na nyumbani. Mtu niliyemfuta kwa kutojali alikuwa ndiye peke yake kati yetu aliyejali kiasi cha kutambaa chini ya kiti usiku. Kujali kwake ndiko kulikoacha kifuniko wazi. Kama angekuwa mzembe kama nilivyomwita, akaiacha filta izibe, injini ingekosa pumzi, ingezimika mlimani, na huenda ringi zangu zingepona. Sijui methali ya kuweka mahali hapo.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa kando ya barabara. Akaizunguka, akaiona kofia ya bati nyuma ya kabini. "Sasa iko huku?" Akafyatua klipu moja, mbili, tatu. Akacheka kidogo, kicheko cha puani. Akaitoa filta, akaitazama juani, akairudisha. Kisha akafanya jambo ambalo si mimi wala kijana wangu tuliyewahi kulifanya: akaivua hosi upande wa injini, akaingiza kidole ndani ya paipu, akakitoa. Kilikuwa na wekundu mwembamba kwenye ncha.

"Hapa kiungio kimelegea," akasema. "Nipe bisibisi."

Sikuwa na bisibisi. Nilikuwa nimekuja na bahasha tu.

Akarudi kwenye pikipiki yake, akainua kiti, akatoa ya kwake. Akakaza klipu, akafuta kidole kwenye suruali, na abiria aliyekuwa akimsubiri akamwita.